Saa ya Maalim Wangu



Nina habari ya kukueleza leo ambayo si ya kunisifu, na lau ningetaka ningeinyamazia. Lakini mimi ni mtu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini nimekaa juu ya mkeka nikiwasomesha vijana mlango wa amana na mlango wa mirathi, na si uungwana mtu kusomesha jambo kisha akalificha siku lililomwangusha mwenyewe. Basi nivumilie.

Mwaka 2021 alifariki maalim wangu, yule aliyenishika mkono tangu alifu na kunitia bakora zilizonistahiki. Baada ya hitima, mjane wake, akiwa edani, aliniletea kwa mkono wa mjukuu saa ya mkono iliyofungwa ndani ya leso. Nyuma ya pazia nikamsikia akisema: "Maalim, kaa nayo hii mpaka aje kijana kutoka Maskati. Hapa nyumbani watoto wataichezea." Nikaitikia, nikaipokea. Litie moyoni neno lile alilolisema: kaa nayo.

Saa yenyewe ilikuwa ya Uswisi, ya kutia ufunguo, na kasha lake lote lilikuwa la chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, ambacho wazee wetu wakikiita feleji. Maalim aliinunua mwaka 1968. Dhahabu kwa mwanamume hatuivai, na saa ya feleji ilikuwa ndiyo heshima ya mtu mzima wa makamo yake. Hakuivua ila kwa udhu na kwa kulala, na huo udhu ndio uliokuwa adui yake. Mara tano kwa siku aliivua akaiweka juu ya ukingo wa birika la msikiti, nao ni wa saruji, kisha akaivuta kuivaa. Hesabu mwenyewe miaka hamsini na tatu ya kuburutwa juu ya saruji. Upande wa kushoto ulikuwa umechanika mistari kama mlango wa duka la zamani, na mfuniko wa nyuma haukuwa na mahali pazima.

Mwaka wa pili kijana akaarifu kwamba anakuja mwezi wa Shaaban. Nikaifungua ile leso, nikaitazama saa, nikaona haya. Nikasema moyoni: nitampaje mtoto saa ya babake ikiwa katika hali hii? Nitaisafisha, iwe hidima yangu ya mwisho kwa mwalimu wangu.

Nikaenda kwa fundi saa. Kwa hakika ni mtu mwelewa, na alinisomesha mengi siku ile. Alianza kwa kunigeuzia saa nyingine iliyokuwa mezani kwake, akanionyesha maandishi ya nyuma yasemayo kwamba mfuniko ni wa chuma cha pua. Akasema watu wengi hudanganyika hapo, kwani maandishi hayo yanausemea mfuniko peke yake. Kasha la mbele ni shaba au madini mengine yaliyopakwa kromi, na atakayelipiga msasa ataondoa ule mpako, shaba itatokeza, wala hataurudisha nyumbani. Ya Maalim ilikuwa chuma kitupu mbele na nyuma. Akaitoa mashine na kioo, akavifunika kwa bilauri ili vumbi lisiingie, akanipa kasha tupu na mfuniko wake nende nikafanye kazi. Kabla sijatoka akaniuliza: "Sheikh, saa hii ni yako?" Nikamjibu: "Ni ya maalim wangu." Akanyamaza, akidhani amejibiwa. Na mimi pia nilidhani nimemjibu.

Kama una saa yako mwenyewe, ya feleji, nawe wataka kuitengeneza, nitakueleza ilivyo, kwani kazi yenyewe si ngumu. Osha kasha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu, lakini mashine iwe imekwisha tolewa. Kisha tazama namna ya uso wake kabla hujaugusa. Saa nyingi zina nyuso mbili: sehemu nyingine zang'ara kama kioo, nyingine zina mistari myembamba iliyolala upande mmoja. Usiyotaka kuigusa ifunike kwa utepe. Chukua msasa wa maji. Namba ikiwa kubwa msasa huwa laini. Mikwaruzo mizito huanza na 400 au 600, ukaenda 800, kisha 1,200, hata 2,000, na kila unapobadilisha msasa geuza njia ya kusugua, ili uone kama mistari ya msasa uliotangulia imekwisha. Msasa uufunge juu ya kibao kilichonyooka, usiufunge kidoleni. Mwisho ni dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Ile mistari iliyolala hurudishwa kwa sponji ya kijani ya kusugulia vyombo, ukivuta upande mmoja tu, bila kwenda na kurudi. Steelwaya za sufuria usizitumie, kwa sababu vipande vyake hubakia juu ya feleji, vikashika kutu, nawe ukadhani saa yako ndiyo iliyooza. Kioo cha plastiki hung'aa kwa dawa hiyo hiyo. Vioo vya yakuti ya kutengenezwa, ambavyo vimo katika saa nyingi za siku hizi, ni vigumu zaidi sana. 

Mimi niliufunga msasa kidoleni. Nilikaa barazani siku tatu baada ya alasiri, nikisugua na huku namkumbuka mwalimu wangu, na kitambaa kikitoka cheusi kama kilichopangusia sufuria. Nikafurahi kwa ule weusi. Nilidhani ni uchafu wa miaka hamsini unatoka.

Niliporudi kwa fundi alikitazama kile kitambaa akacheka kidogo. Akasema: "Sheikh, huu si uchafu. Hii ni saa." Akanieleza jambo ambalo, wallahi, sikuwa nimelifikiri. Mkwaruzo ni shimo, na shimo la chuma halijazwi kwa dawa. Unachokifanya ni kukiteremsha chuma chote kilicho pembeni mpaka kilingane na chini ya shimo. Mkwaruzo wenyewe hukuutoa. Umeitoa saa iliyouzunguka. Akanigeuzia kasha kwenye mwanga: zile pembe nne zinazoshika mkanda, ambazo zilikuwa na makali yaliyonyooka, kidole changu kilikuwa kimezifanya mviringo kama sabuni iliyotumika. Akasema wanunuzi wa saa za kale hutazama hapo kwanza, na hutoa bei kubwa zaidi kwa saa yenye mikwaruzo yake kuliko iliyosuguliwa.

Nikamwuliza: je, mikwaruzo ile haikuwa ikiiharibu? Akasema hata. Feleji hii imechanganywa na kromi, sehemu kumi na nusu au zaidi kwa kila mia, na hiyo kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Ukiikwaruza, utando hujirudi wenyewe. Nimesoma baadaye kwamba fundi mmoja wa Sheffield, Uingereza, aitwaye Harry Brearley, aliitengeneza feleji ya namna hii mwaka 1913, alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Kwa hiyo saa ya Maalim haikuwa na maradhi yoyote. Aliyeona haya ni mimi.

Kijana akaja. Tukakutana nyumbani kwao baada ya isha, yeye na mamake na dada zake wawili. Nikaitoa saa, inang'aa kama iliyotoka dukani jana. Kijana akanishukuru sana, kwa adabu aliyofunzwa. Dada yake mdogo akaomba kuishika, akaigeuza nyuma, akaipeleka karibu na taa. Kisha akaniuliza taratibu: "Maalim, na ile mistari mitatu ya baba iko wapi?"

Nikasema: mistari gani?

Mamake ndiye aliyenijibu. Zamani, alisema, waumini waliokuwa wakivua saa zao penye birika walikuwa wengi, na nyingi zilifanana, na siku moja Maalim alirudi nyumbani na saa ya mtu. Aliporudishiwa yake akachukua msumari akaitia mistari mitatu mifupi pembeni mwa mfuniko, aijue kwa kidole hata alfajiri kabla ya mwanga. Yule binti alipokuwa mdogo akipakatwa alikuwa akiipapasa hiyo mistari mpaka anapata usingizi. Mimi niliiona. Naikumbuka hasa, kwa sababu ilikuwa mirefu kwa kina na ilinichukua alasiri nzima kuimaliza.

Nilitoka pale sina la kusema, na usiku ule nikafanya hesabu ambayo hufanyiza watoto wa darasa la tatu. Mtu amekufa, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na wawili wa kike, na wazee wake walitangulia mbele ya haki. Mke ana thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume kwa fungu la wanawake wawili. Igawe saa hiyo mafungu 32: mjane 4, kijana 14, kila binti 7. Jumla imetimia, na fungu la mwalimu mwenye mapenzi halimo. Hata Bi Mkubwa mwenyewe, lau ningemwomba ruhusa, angeniruhusu katika manne yake tu. Na wala sikumwomba. Nami nimewasomesha watu wangapi kwamba mwenye kuweka amana hadhamini kikiharibika bila ya kosa lake, lakini akikigusa pasipo ruhusa amekwisha kuvuka mpaka, na dhamana ni juu yake! Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa naifasiri kila mwaka. Nilidhani khiyana ni kula cha mtu. Sikujua kama mtu aweza kuikosea amana kwa kuipendezesha.

Asubuhi nikamwomba fundi anitajie kwa haki ni kiasi gani saa imepungua thamani. Hakutaka, nikamshikilia, akataja. Nikatia fedha katika bahasha nikarudi kwao, nikawaeleza mbele ya pazia na mbele ya vijana kwamba nimekosa, na kwamba hii ni haki yao wala si sadaka yangu. Bi Mkubwa akasamehe, akalia. Kijana akasamehe, akanikataza nisilitaje tena. Dada mkubwa akasamehe. Yule mdogo akafikiri kidogo, akasema: "Mimi nitachukua langu, Maalim." Nikamhesabia mafungu saba katika 32, akapokea, akanambia, "Sasa nimekusamehe." Wako waliomlaumu kwa hilo mtaani. Mimi simlaumu, na katika wale wanne ni yeye aliyenipunguzia mzigo zaidi.

Walipogawana walikubaliana saa iwe yake yeye, ihesabiwe katika fungu lake. Akapunguziwa mkanda, akaivaa. Mwezi uliopita alimleta mwanawe chuoni kuanza alifu, na alipokuwa akitia jina la mtoto katika daftari niliiona mkononi mwake, inakwenda. Karibu na kifungo cha kutilia ufunguo palikuwa na mkwaruzo mpya, mrefu. Sikumwuliza.