Mdogo Wangu na Ubuntu

Desemba 2025 nilikuwa nyumbani, Buzebazeba. Mdogo wangu, mwalimu, akanikabidhi laptopu yake kuukuu: "Kaka, niwekee Ubuntu, ile mpya kabisa."

Mpya ilikuwa 25.10 ya Oktoba, inayohudumiwa miezi 9 tu. Nikamwekea 24.04 ya Aprili 2024, yenye miaka 5 ya marekebisho ya usalama. Akanuna: "Umenipa ya zamani!"

Jamani, mimi narudi Dar. Miezi 9 ikiisha, nani atampandishia toleo, tena kwa bando la nani? Mitihani ya wanafunzi wake imo humo humo. Mimi mwenyewe niliwahi kukimbilia toleo jipya, Wi-Fi ikagoma usiku nina habari ya kutuma.

Akishazoea, hayo mapya atayajaribu mwenyewe. Au wewe ungemwekea ipi?