Matufaha Mawili Mkobani

Alhamdulillahi, mwaka jana binti yetu aishiye Sydney alitupandisha meli ya watalii iendayo New Zealand. Asubuhi ya kushuka Auckland tulitia mkobani matufaha mawili kutoka meza ya staftahi. Mama watoto ana maradhi ya sukari, hawezi kukaa sana bila kula, nasi hatukujua mjini tutapata wapi chakula cha halali.

Likatoka tangazo: matunda hayashushwi. Nchi ile hutegemea mashamba, na nzi wa matunda wakiingia huyaharibu. Apatikanaye na tunda asilolieleza hutozwa dola 400 papo hapo, na mbwa wa kunusa mizigo wapo. Tukajisemea: ni mawili tu, tena haja ni ya mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetuzuia. "Maalim, si wewe usomeshaye kwamba mgeni ameruhusiwa kula, hakuruhusiwa kubeba ila kwa idhini? Na wenyeji nao, si tumeingia kwao kwa ahadi?"

Tulinyamaza. Mas'ala hayo tumeyasomesha miaka mingi katika mlango wa walima. Siku ya mtihani tukayasahau. Yeye akala moja pale pale, la pili tukamrudishia mhudumu. Tukashuka na biskuti za pakiti tulizonunua wenyewe, tukawaonyesha wakaguzi, wakaturuhusu.

Wazazi wenzetu, darsa zetu watoto huzisikia kwa masikio. Macho yao yako kwenye mikoba yetu.