Desemba 30, Mara Mbili

Soko la Kagio, Kirinyaga, halisimami kwa msiba. Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza, Aprili 22, 2022, kwamba rais mstaafu Mwai Kibaki ameaga dunia akiwa na miaka 90, kreti za nyanya ziliendelea kupakiwa kwenye malori. Yaliyobadilika ni mazungumzo, na jambo lililotajwa mno lilikuwa karo. Kabla ya Januari 2003, bei ya nyanya ikianguka, mtoto alifukuzwa shule. Kibaki alipoifuta karo ya shule za msingi, watoto zaidi ya milioni moja waliingia darasani nchini kote. Kwa mama wa sokoni, huyo ndiye aliyekufa: aliyemwondolea aibu ya kumwona mwanawe akirudishwa nyumbani.

Nami namlilia huyo. Alijiuzulu serikalini Krismasi ya 1991, akashindwa uchaguzi wa urais 1992, mwaka ambao kura za kwetu Mlima Kenya ziligawanyika kati yake na Kenneth Matiba, akashindwa tena 1997. Desemba 30, 2002, akaapishwa mchana kweupe Uhuru Park, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta baada ya ajali, watu wamejaa hadi wengine wamepanda miti. Sijaiona tena Kenya ikifurahi namna ile.

Desemba 30, 2007, aliapishwa mara ya pili. Safari hiyo ilikuwa Ikulu, giza likiingia, muda mfupi tu baada ya matokeo ya uchaguzi ambayo mpinzani wake Raila Odinga na wafuasi wake waliyakataa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata. Huku kwetu twawakumbuka waliochomwa kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, na ni haki yao kukumbukwa. Vijana wa Kisumu, ngome ya Raila, waliopigwa risasi na polisi hatuwataji. Hilo linaniuma, kwa sababu rais alikuwa wao pia.

Kibaki alizikwa kwao Othaya Aprili 30, 2022, kwa heshima zote za kijeshi, na alistahili. Niliomboleza kwa moyo wangu wote, na sitaki mtu aniambie nichague tarehe moja kati ya zile mbili. Lakini mama wa Kisumu aliyezika mwanawe Januari 2008, huenda naye ana kitinda mimba aliyesoma bila karo, akinyamaza Kibaki anapotajwa, sitamwomba alie nami.