Redio ya Gari la Parokia



Wapendwa wanaparokia, juma hili tumeulizwa swali moja mara nyingi kuliko maswali yote ya katekisimu: je, ni kweli kwamba gari la parokia litafungwa muziki mnene? Wapo waliouliza kwa furaha, wapo waliouliza kwa kununa. Kwa kuwa fedha inayozungumzwa imetoka mifukoni mwenu baada ya mauzo ya kakao, ni haki tuwajibu kwa maandishi. Na kwa mchango wenyewe, ndaga fijo.

Tuanze na ubovu usio ubovu. Gari letu, kama mengi yanayopanda na kushuka kati ya Tukuyu na Kyela, lilitumika kwanza Japani. Redio yake iliundwa kwa masafa ya FM ya huko, yaani megahezi 76 hadi 90, kwa sababu masafa ya juu yake yalikuwa yakitumiwa na televisheni za analogia, ambazo katika sehemu kubwa ya nchi hiyo zilizimwa mwaka 2011. Stesheni zetu za Tanzania ziko kati ya 88 na 108. Basi redio hiyo ni nzima kabisa. Imeletwa tu mahali ambapo karibu kila anayezungumza yuko nje ya usikivu wake. Tulikwisha kufungiwa eksipanda, kile kidude kinachounganishwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa. Kikishusha megahezi 18, stesheni ya 98 husikika kwenye 80. Lakini dirisha la redio linabaki na upana ule ule wa megahezi 14. Likisogezwa juu, stesheni zilizo chini ya 94 hupotea, na zile zinazobaki huja na mikwaruzo. Ndiyo maana akina mama tunaosafiri nao kwenda vigangoni hutuuliza kwa nini stesheni wanayosali nayo rozari nyumbani haiingii garini.

Vijana wetu wana pendekezo kubwa zaidi: amplifaya, na sabufa mbili ndani ya boksi la mbao. Hoja yao si ya kudharauliwa. Wanataka gari lisimame sokoni, nyimbo zisikike, watu waje. Kanisa halijawahi kuogopa vyombo hivi. Papa Pius XI alizindua Radio Vatikani tarehe 12 Februari 1931, na aliyeijenga ni Marconi mwenyewe. Upande wa pili, baadhi ya wazee wametukumbusha nabii Elia kule Horebu, ambaye hakumkuta Bwana katika upepo wala katika tetemeko. Tunawashukuru, ila tunaomba nabii asiingizwe katika ugomvi wa spika. Neno letu ni la kawaida zaidi ya hapo.

Boksi lile litakaa wapi? Mahali pake ni nyuma ya viti, hapo tunapotandika godoro. Ninyi mnaoishi hapa Ngana mnajua godoro hilo limebeba nani. Masika barabara inapokuwa tope, na bodaboda haiwezi kumbeba mama mwenye uchungu, hulazwa pale. Wapo watoto tuliowabatiza ambao safari yao ya kwanza ilikuwa pale pale, wangali tumboni. Boksi la upana ule likiingia, godoro linatoka. Tumepima kwa futi mbele ya vijana wenyewe.

Kisha kuna betri. Amplifaya ya wati 500, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hunyonya zaidi ya ampea 40 kutoka betri ya volti 12. Hata ikipigwa kwa nusu ya hapo huku injini imezimwa, jioni moja ya nyimbo yatosha kuimaliza betri. Saa nane ya usiku mtu akibisha hodi na mgonjwa mgongoni, tutasukuma gari?

Kwa hiyo, baada ya kuketi na halmashauri ya walei, tumeamua hivi. Itanunuliwa redio mpya inayopokea 88 hadi 108, na spika mpya za milangoni, kwani zile za karatasi zimechanika kwa uzee na unyevu wa huku ziwani. Maandishi ya "wati 50 mara 4" kwenye boksi la redio yasiwavutie sana. Bila amplifaya, redio ya kawaida hutoa kama wati 20 kwa kila spika, nazo zajaza gari. Waya za kiwandani hazitakatwa. Zipo soketi za kuunganishia, na tumekwisha kuona dashibodi za kutosha zilizojaa waya zilizosokotwa na kufungwa utepe mweusi. Salio litanunua spika ya kubebeka yenye betri yake, ya kazi ya sokoni, na vijana ndio watakaoitunza.

Fundi atakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Vijana wawili wakae naye wajifunze. Mwenye mgonjwa siku hiyo asisite kuja: dashibodi itakuwa wazi hadi mchana, lakini gari litawaka, na funguo ziko kwa katekista.