Koti la Shemeji

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili 30 Juni 2024

Baridi imekaza. Upepo wa Dowa hauna huruma mwezi huu. Alfajiri kwenye foleni ya bomba watu walikuwa wamejifunga vitenge juu ya mablanketi na hakuna aliyetaka kuongea.

Biashara inaenda, samaki ndio hakuna. Perege wa mabwawa ya jirani wamelala. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hawali sawasawa wala hawanenepi, na mwenye bwawa anaona bora awaache mpaka Septemba. Nimebaki kutegemea usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Malawi, na usipa uko ziwani.

Shemeji amepata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Kesho anakwenda ziwani, Senga Bay. Tangu serikali ilipoamuru mwaka jana wakimbizi wote warudi kambini, karatasi hiyo inatafutwa kama dawa. Mwezi unaisha wiki hii, usiku utakuwa giza, na usipa hufuata taa kwenye giza tu. Anaondoka na kitambulisho, simu, na lile koti zito la marehemu kaka yake. Mtaji wetu wote uko ndani ya simu.

Jumatano 3 Julai

Wateja waliotoka Uvira na Fizi, Kongo, bado wananiuliza ndagala. Nawapimia usipa kwa sahani, wanachukua, lakini kila mmoja lazima aseme neno kuhusu ladha. Wana haki. Ni samaki wa koo mbili: ndagala wa Tanganyika ana undugu na dagaa wa baharini, usipa ni ndugu wa ningu wa Victoria. Umbo ni lile lile, mafuta siyo.

Dada amepiga kutoka Uvira. Kwao nako hakuna kitu. Mwaka huu Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zimekubaliana kufunga uvuvi Tanganyika nzima kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Analalamika, watoto wanakula sombe kavu. Nimemwonea huruma, lakini nikamwambia wazi kwamba naunga mkono. Tulilivua lile ziwa kana kwamba lina kisima cha samaki chini yake.

Baada ya simu nimekaa nikifikiria shemeji. Hapa watu wanasema baridi inafukuza samaki. Nilipokuwa nafundisha sayansi Baraka, kando ya Tanganyika, niliwaeleza wanafunzi kinyume chake, na Ziwa Malawi linafuata kanuni ile ile. Maji ya juu yanatoka nyuzi 28 hivi za Desemba hadi 23 hivi za Julai, basi. Upepo wa kusini, mwera, unayasukuma maji ya juu kwenda kaskazini. Upande wa kusini maji ya chini yanapanda na rutuba yake, mwani unaota, vijidudu vinakula mwani, usipa wanakula vijidudu. Kwa hiyo mvuvi anafuata upepo ule ule anaouogopa. Meli ya Vipya ilizama kwa upepo huo tarehe 30 Julai 1946, watu 145 wakafa, na ile ilikuwa meli ya chuma. Shemeji yuko kwenye mtumbwi.

Jumamosi 6 Julai

Malawi imetimiza miaka 60 ya uhuru. Simu ya shemeji haipatikani tangu juzi.

Usiku. Amepiga kwa simu ya mtu. Mzima. Nimekaa chini kabla ya kusikiliza mengine.

Walitoka na chirimila, boti kubwa la mbao la wavu na mtumbwi mdogo wa taa. Yeye alikuwa kwenye ule mdogo, analinda taa. Karibu na alfajiri mwera ukaamka. Wimbi la kwanza lilijaza mtumbwi nusu, akawa anakomba maji kwa dumu lililokatwa. La pili likampindua. Koti lilikuwa limevimba maji, likamshika mabega na kumvuta. Alikuwa amefunga vifungo vyote kwa ajili ya baridi, na vidole vimekufa ganzi, havikamati kifungo. Alivipasua. Mmalawi mmoja akamdaka mkono, akampandisha kwenye boti la wavu.

Koti limekwenda. Mfuko wa ndani ulikuwa na simu, kitambulisho na ile karatasi ya ruhusa.

“Shemeji, nisamehe, mtaji umezama,” akasema.

Nikamwambia, “Wewe hukuzama. Rudi nyumbani.”

Jumanne 9 Julai, Lilongwe

Shemeji alirudi jana kwa lori la mahindi, bila karatasi hata moja mfukoni, akipita vizuizi vya polisi na moyo mkononi. Leo mimi ndiye mwenye ruhusa, nimekuja mjini.

Nimeanza na soko kuu. Nimevuka Mto Lilongwe kwenye yale madaraja ya mbao, unalipa noti kidogo unapita, chini kuna watu wanafua. Usipa upo, ila bei! Tangu kwacha ilipoporomoshwa Novemba mwaka jana, pale nilipokuwa nabeba ndoo mbili sasa nabeba moja. Samaki aitwaye chambo sikumtazama hata usoni.

Kisha laini. Pesa haikuzama, iko salama kwenye mtandao. Nilichohitaji ni laini mpya ya namba ile ile. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu. Akaniambia mwenye namba aje mwenyewe na kitambulisho alichosajilia. Kitambulisho hicho ndicho kilicho majini. Kupata kingine kunahitaji ripoti ya polisi, na mkimbizi asiye na kitambulisho akienda polisi anaanza kwa kujieleza kwa nini hana kitambulisho. Nimezunguka ofisi mbili. Ya pili wamenirudisha kambini.

Raia wa hapa akipoteza kitambulisho amepoteza siku kadhaa. Sisi kile kikaratasi ndicho laini, ndicho rasheni, ndicho ruhusa ya kupanda basi. Kambi hii ilifunguliwa 1994 kwa watu elfu kumi hivi, sasa tumepita elfu 50, na kila mmoja wetu anaishi kwa ukubwa wa kadi inayoingia kiganjani. Inaniuma, na sitaki kuizoea.

Jumapili 14 Julai

Ripoti ya polisi imepatikana. Mwenyekiti wa bloku alikwenda na shemeji, akaongea Kichewa kizuri kwa niaba yake. Mungu ambariki.

Baada ya ibada mama mkwe alikaa nasi jikoni, akatuhadithia tena Novemba 1996, tulipovuka kwenda Kigoma vita vilipofika Fizi. Mimi nilikuwemo katika mtumbwi ule, nakumbuka. Upepo ulipozidi nahodha aliamuru mizigo itoswe. Mama mkwe alikuwa na cherehani ya mkono, ndiyo iliyomlea yeye na wanawe. Aliibusu, akaitosa kwa mikono yake mwenyewe. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Kuanzia mita mia mbili hivi kwenda chini hakuna hewa, na maji ya huko hayapandi. Kutu inahitaji hewa. Nikamwambia huenda cherehani yake bado inang'aa. Alifurahi kuliko nilivyotarajia, akataka nimweleze tena.

Shemeji naye akaleta habari ya Liemba, ile meli ya Tanganyika. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, na mwaka 1916 walipoona wanashindwa wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini mafuta mazito. Waingereza wakaiibua 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini. Wale mafundi nawaheshimu. Walijua chombo kinakwenda majini, wakashughulikia kwanza kile ambacho maji yangekula.

Jumamosi 20 Julai

Kitambulisho kipya bado. Wamempa shemeji karatasi ya muda yenye picha na muhuri, na kwa hiyo wiki hii laini imerudi. Pesa yote imo. Nililia dukani, sikujali.

Leo tumefanya kazi. Nimechukua kopo la siagi ya karanga, la plastiki, lenye mfuniko wa kuzungusha. Kitambulisho kikija kitakaa humo ndani ya nailoni mbili zilizofungwa kwa mpira, pamoja na simu. Kwenye shingo ya kopo kamba ya nyavu, na mwisho wa kamba dumu tupu la lita tano lililozibwa. Tumelijaribu kwenye pipa la jirani: nimeweka jiwe la uzito wa simu, nimelikandamiza mpaka chini, likaruka juu likanirushia maji usoni. Ndani kukavu. Nakala za karatasi zote zimebaki kwangu, nyingine kwa mwenyekiti.

Koti jipya sitanunua. Nimemshonea sweta mbili zisizo na vifungo, zinavuka kichwa mara moja.

Kesho mwezi ni mpevu, usipa hawatakuja kwenye taa. Mwisho wa mwezi giza litarudi. Nimemwandikia ombi la ruhusa, nitalipeleka Jumatatu asubuhi kabla ya foleni.