Wanafunzi wa Fildi

Jumatatu, 15 Julai 2024
Wanafunzi wa fildi wameripoti hapa kituoni Mtwara, na barua zao za utambulisho. Msimamizi wa zamu kawapa maelekezo ya kila mwaka: zungukeni na mafundi, mtazame. Nimemwomba aniachie wawili, binti wa Newala na kijana wa Mwanza. Kusi linavuma tangu alfajiri, chumvi imeganda tena kwenye vioo vya ofisi.

Alhamisi, 18 Julai
Nimesoma logibuku zao. Binti kaandika: "Leo tumenyoosha mota na pampu." Tumenyoosha na nani? Nilikuwepo. Alisimama hatua mbili nyuma, mikono mgongoni, kama mgeni rasmi. Simlaumu, hakuna aliyempa spana. Ila hicho ndicho ninachotakiwa kukisaini kesho na kukigonga muhuri, chuo kihesabu wiki ya mafunzo. Nimezirudisha. Kila siku waandike mambo mawili: wameamua nini wenyewe, na kipi hawajakielewa. Kijana kauliza kama hilo la pili halitawapunguzia maksi. Kauliza vizuri, na swali lenyewe linasikitisha.

Jumanne, 23 Julai
Pampu namba mbili bado inatetemeka. Nimewaachia. Binti akapiga hesabu papo hapo: mota inazunguka mara 1,480 kwa dakika, mtetemo unakuja mara mbili kwa kila mzunguko, basi huenda shafti hazijanyooka. Sawa kabisa. Wakanyoosha kaplingi, wakawasha. Vilevile.

Mzee wetu wa karakana, darasa la saba, mtu aliyezeekea kwenye mashine za korosho, akasogea. "Mwanangu, legeza bolti hiyo moja tu." Kulegeza, mguu wa mota ukainuka. Akampa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya: "Ingiza mpaka kimoja kikatae." Milimita 0.35. Kutu ilikuwa imeula mguu kwa chini, kwa hiyo kila walipokaza bolti mota ilijipinda, na kazi yote ya kunyoosha ikaharibika. Wakasugua, wakaweka shimu, wakanyoosha upya. Imetulia.

Kisha Mzee akamuuliza binti ile "mara mbili" kaijuaje. Akamchorea sakafuni kwa chaki, na Mzee akachuchumaa akisikiliza hadi mwisho. Mzee hana cheti chochote. Nimemwambia tena kuhusu VETA na utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi. Kacheka tu.

Jumapili, 28 Julai
Msimbati na watoto. Gesi ya huku, ya Mnazi Bay, iligunduliwa 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015. Kabla ya hapo, 2013, mji huu ulichafuka kwa sababu ya bomba hilohilo, na ahadi za ajira zilikuwa nyingi. Lakini bomba likishafukiwa halitaki watu wengi, linataka wachache wanaoijua kazi. VETA Mtwara waliliona hilo. Pamoja na VSO na kampuni ya BG wakaleta mafunzo yenye vyeti vya City & Guilds, ili kijana wa hapa awe na karatasi ambayo mwajiri mgeni anaitambua.

Alhamisi, 8 Agosti
Nane Nane. Wenzangu wako kwenye maonyesho Ngongo, mimi niko zamu. Nimekumbuka SEAP, mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003: miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Umenilea, siwezi kuusema vibaya. Ila mbona tunasubiri mtu ahitimu ndipo tumpe wa kumwangalia? Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa 1973, enzi za viwanda vya Urafiki na UFI, mwanafunzi alikuwa na kiwanda cha kwenda. Leo wanafunzi ni wengi, na viwanda vinawapokea kwa kuwahurumia.

Ijumaa, 23 Agosti
Mhadhiri kafika kuwakagua. Ana wanafunzi wa kuwafuata hadi Songea, na posho ya siku chache. Nilitegemea asaini na kuondoka. Alipofika kwenye kurasa za "sijaelewa" akavuta kiti. Kijana kaandika: "Sijaelewa kwa nini rejeta za upande wa bahari zinaziba mapema wakati ratiba ya kuzisafisha ni moja kwa zote." Swali hilo hapa kituoni halijawahi kuulizwa. Mhadhiri kaniomba nimtumie maswali ya namna hiyo yawe mada za miradi ya mwaka wa nne.

Jumatatu, 2 Septemba
Orodha nimeipeleka kwa mkuu wa kituo: rejeta, kutu kwenye miguu ya mota, nyaya za ardhi kwenye mchanga wa pwani. Nimeomba wanaochagua mada hizo warudi hapa kupima, walale Mikindani, wawe chini ya Mzee karakana na chini yangu kwenye hesabu. Mkuu kauliza swali moja tu: nani atalipa? Nimemwekea mezani ankara za beringi za pampu namba mbili, za mwaka jana na mwaka huu. Kasema atazisoma kesho.