Ulaya Kuna Kila Kitu, Ila Muthokoi

Ikiwa una jamaa anayefanya kazi Ulaya, bila shaka umewahi kumpigia simu kumweleza habari za karo, mabati au harusi. Je, umewahi kumwuliza anakosa nini huko? Wengi wetu hatuulizi. Tunaamini kwamba aliyefika Ulaya hakosi kitu.

Binamu yangu ni muuguzi nchini Ujerumani. Kwao ni Kilungu, Kaunti ya Makueni, mwendo mfupi kutoka soko la Nunguni. Alipokuja likizo mwaka jana, jamaa walitaka kumchinjia kuku. Yeye akaomba muthokoi, akala siku tatu mfululizo, mchana na usiku. Majirani walicheka. Mimi nilimwuliza sababu.

Chajio, alisema. Wajerumani wengi hula chakula moto mchana. Jioni ni mkate, jibini na vipande vya nyama baridi. Waama, ni chakula kizuri. Lakini mtoto wa Kilungu aliyezoea kusikia sufuria ikitokota jioni hulala akihisi hajala, hata akiwa ameshiba. Mahindi yapo, ya kopo, laini na matamu kama peremende. Muthokoi hutaka mahindi makavu yaliyonyunyiziwa maji, yakatwangwa kinuni hadi ganda litoke, yakapepetwa na kuanikwa, kisha yakachemshwa kwa saa kadhaa pamoja na maharagwe au mbaazi. Nani atatwanga ghorofani, katika nchi ambayo kuanzia saa nne usiku kelele ni kosa kwa jirani?

Chai nayo ni maji moto na kifuko. Maziwa, ukiyataka, huja baridi.

Nilidhani angelalamikia baridi. La hasha! Mwezi Julai ukungu hutanda katika vilima vya Kilungu hadi usione boma la jirani. Ila kwetu baridi huwakusanya watu jikoni. Kule joto hutoka katika chuma kilichobanwa ukutani, kila mtu chumbani mwake. Na Jumapili, siku yetu ya kutembeleana, maduka karibu yote hufungwa na barabara hunyamaza. Hiyo ndiyo siku anayoiogopa.

Wengine watamfuata. Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa kuwafungulia njia Wakenya wenye ujuzi kufanya kazi huko.

Siku ya kufunga sanduku, shangazi alikuwa ameweka maparachichi kumi na kibuyu cha maziwa lala. Ilibidi vitolewe. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingiza maziwa, na tangu Desemba 2019 karibu matunda yote lazima yawe na cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi havihitaji cheti, lakini ni nani aliyewahi kulilia nanasi ughaibuni? Kilichobaki ni mwiko wa kusongea ugali, umeviringishwa katika leso.

"Huko jioni mnaketi wapi?" shangazi akauliza.

Binamu yangu alikuwa akivuta zipu. "Kila mtu kwake, mwaitu."

Shangazi alinyamaza kitambo. "Basi uwe ukinipigia wakati wa kupika."

Siku hizi simu hulia jioni. Shangazi huiweka juu ya kinu, karibu na meko, ili binti yake asikie sufuria. Nimewasikiliza mara mbili. Hawakutaja pesa.